Mtambo wa Upepo Ukizeeka Karibu na Nyumba: Maswali Ninayoulizwa Nakuru

Mimi ni mpimaji ardhi. Kazi yangu ni bikoni na mipaka ya mashamba, kuanzia Mai Mahiu hadi Molo, na mara nyingine hunivusha hadi Kinangop. Tangu watu waone minara ya upepo ya Ngong na kusikia habari za ile ya Kipeto na Loiyangalani, hakuna baraza ninaloketi ambalo haliishii kwenye upepo. Zamani niliulizwa mtambo utajengwa wapi. Siku hizi naulizwa jambo zito zaidi: ukichakaa itakuwaje, na ule mkubwa utakaoletwa badala yake utasimama umbali gani na nyumba yangu? Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara, na ninayajibu jinsi ninavyoyajibu nikiwa shambani.

Kwani mitambo ya upepo huzeeka? Si upepo hauishi?

Upepo hauishi, lakini chuma huchoka. Mtambo wa upepo huundwa ufanye kazi miaka 20 hadi 25. Kila mzunguko unalipinda bawa kidogo na kulirudisha, na mizunguko hiyo hufika mamilioni. Mvua na vumbi hula ukingo wa bawa, giaboksi inaanza kulia, nazo bolti za msingi zinahitaji kukazwa na kukaguliwa mara kwa mara. Hufika mahali vipuri havitengenezwi tena, na mwenye mtambo anapiga hesabu aone kama matengenezo yanalipa.

Hapa kwetu jambo hili limeshatokea. Mitambo miwili ya kwanza ya Ngong, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1993, ilishastaafu. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, iliweka mingine sita ya kilowati 850 kila mmoja, kisha ikaongeza hadi Ngong ikafika megawati 25.5. Loiyangalani, kule Marsabit, kuna mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, iliyounganishwa na gridi ya taifa Septemba 2018 kupitia laini inayoshuka hadi Suswa, hapa jirani yetu. Mkataba wake wa kuuza stima ni wa miaka 20. Kipeto, kule Kajiado, ina mitambo 60 na megawati 100, na ilianza kuuza mwaka 2021.

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule laini ya Suswa ilipowashwa atakuwa na miaka 26 hivi mkataba huo ukiisha. Huenda atakuwa amegawiwa kipande chake cha shamba na kujenga. Mtoto huyo ndiye ninayemfikiria ninapoandika haya.

Kwa nini wasilete mtambo wa ukubwa uleule na kuuweka palepale?

Kwa sababu viwanda vimeacha kuutengeneza, na kwa sababu hesabu haimpi mwekezaji sababu ya kuutaka. Stima inayopatikana hutegemea eneo linalofagiwa na mabawa, na eneo hilo hukua kwa mraba wa kipenyo. Tuchukue mtambo wa Vestas V52, aina iliyo Loiyangalani. Kipenyo chake ni mita 52, kwa hiyo unafagia mita za mraba 2,100 na ushei. Mtambo wa leo wenye kipenyo cha mita 150 unafagia zaidi ya 17,600, yaani mara nane. Juu ya hayo unasimama kwenye mnara mrefu, ambako upepo una kasi zaidi na hautikiswi na miti wala vilima. Kasi nayo ina ajabu yake: upepo ukiongezeka maradufu, nguvu iliyomo ndani yake huwa mara nane.

Kwa hiyo mtambo mmoja wa megawati 4.2 unashika nafasi ya mitambo mitano ya kilowati 850. Wenzetu wa Denmark na Ujerumani wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi: wanang'oa mingi midogo na kusimamisha michache mikubwa. California nako, kwenye kipito cha Altamont kilichojaa mitambo midogo ya miaka ya 1980, walifanya vivyo hivyo.

Ugumu uko kwenye kimo. V52 ya Loiyangalani, kuanzia chini hadi ncha ya bawa likiwa wima, ni mita 70 hivi. Mtambo wa leo unafika mita 200, kimo cha jengo la Britam Tower pale Upper Hill, Nairobi. Ukimwambia mtu "tunabadilisha mtambo tu, mahali ni palepale", umemficha jambo.

Sheria za umbali zinaingiaje hapa?

Nchi nyingi hazitaji umbali kwa mita peke yake. Umbali unafungwa kwenye kimo cha mtambo, na hapo ndipo kubadilisha mitambo mikuukuu kunapokwama.

Mfano ulio wazi zaidi ni Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 2014 jimbo hilo lilipitisha kanuni iitwayo 10H: mtambo uwe mbali na makazi mara kumi ya kimo chake. Mtambo wa mita 70 ungehitaji mita 700. Wa mita 200 unahitaji kilomita mbili nzima. Sasa chukua ramani ya eneo lolote lenye vijiji vilivyosambaa, uchore duara la kilomita mbili kuzunguka kila nyumba. Mimi nimewahi kuchora duara kama hizo kwa ramani ya kata moja ya hapa Nakuru, kwa kutaka tu kujua. Hakukubaki hata ekari moja nje ya duara. Bavaria nako maombi ya kujenga mitambo karibu yakauke kabisa, na wenye mitambo mikuukuu wakajikuta na eneo lenye barabara, lenye laini, lenye transfoma, lakini lisilokubali mtambo mpya. Novemba 2022 jimbo likalegeza: ukibadilisha mtambo uliokuwepo, mita 1,000 kutoka kwenye makazi zinatosha.

Poland ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 2016 iliweka mara kumi ya kimo, na mwaka 2023 ikashusha hadi mita 700. Denmark ni mara nne ya kimo: mita 280 kwa mtambo wa mita 70, mita 800 kwa wa mita 200. Tena Denmark iliweka sheria kwamba nyumba ikishuka thamani kwa sababu ya mtambo mpya, mwenye mtambo amlipe mwenye nyumba. Hilo la Denmark ningependa wabunge wetu walisome kwa makini.

Sheria ya taifa zima la Ujerumani nayo ilibadilishwa mwaka 2021 ili kurahisisha kibali cha anayebadilisha mtambo. Katika hesabu ya kelele, mamlaka huruhusiwa kuangalia kama hali inakuwa bora kuliko ilivyokuwa na mitambo ya zamani. Jirani aliyevumilia mitambo mitano yenye kelele atauliza: huu mmoja utanipunguzia au utaniongezea? Ni swali la haki.

Na Kenya, sheria inasema umbali gani?

Kwetu kinachobana zaidi ni kelele, na ukikijua utakitumia vizuri. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kiwango cha maeneo ya makazi. Nje ya nyumba ni desibeli (kipimo cha sauti) 50 mchana na 35 usiku. Ndani ya nyumba ni 45 mchana na 35 usiku. Usiku katika kanuni hizo huanza saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Tazama hiyo 35 ya usiku. Denmark, nchi iliyozoea mitambo kuliko sisi, inaruhusu desibeli 42 hadi 44, kutegemea kasi ya upepo, kwa nyumba iliyo shambani. Kwa usiku, karatasi yetu ni kali kuliko yao.

Sasa tuipeleke shambani. Mtambo mkubwa wa leo hutoa kwenye chanzo chake desibeli 105 hivi. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Ukipiga hesabu kwenye ardhi tambarare, mita 500 kutoka mnarani hubaki desibeli 42 au 43, na kilomita moja hubaki 36 au 37. Kwa hiyo mtambo mmoja mkubwa ukitaka kutii kiwango cha usiku unahitaji kilomita moja au zaidi kidogo, na ikiwa ni kadhaa pamoja, umbali unaongezeka. Hii ni hesabu ya kalamu. Bonde, mwamba na mwelekeo wa upepo huibadilisha, na usiku wa upepo mkali nyasi peke yake zinaweza kupita desibeli 35. Ndiyo maana kelele lazima ipimwe kabla ya ujenzi, usiku na mchana, mlangoni kwa watu, ili baadaye pasiwe na ubishi kuhusu kelele ipi ni ya nani.

Mengine yanayohitajika ni tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), na idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege kwa sababu ya kimo.

Babangu alitia sahihi mkataba wa mtambo wa kwanza. Huo wa pili unahitaji ridhaa yangu tena?

Kwa maoni yangu, na nitayashikilia mbele ya yeyote, mtambo mpya ni mradi mpya. Kimo ni kipya, msingi ni mpya, barabara inapanuliwa, kelele na kivuli vinafika nyumba ambazo mtambo wa kwanza haukuzigusa. Ridhaa iliyotolewa kwa mita 70 haiwezi kunyooshwa ifunike mita 200.

Lakini maoni yangu hayatakusaidia kama mkataba unasema vingine. Mteja wangu mmoja aliniletea makubaliano ya kukodisha shamba, kurasa nyingi, ambayo babake aliyatia sahihi kwa kampuni fulani iliyokuwa ikitafuta upepo. Katikati kulikuwa na sentensi moja inayoipa kampuni haki ya "kurekebisha, kubadilisha au kuongeza mitambo" kwa muda wote wa kukodisha, bila kutaja kimo wala idadi. Mzee alikuwa amefikiri anakodisha eneo la mnara. Kumbe alikuwa amekodisha anga yote ya juu yake. Mradi ule haukujengwa, lakini karatasi ilikuwa bado hai, na kijana alikuwa anataka kugawa shamba na ndugu zake. Tulihangaika nayo miezi.

Kwa hiyo kabla ya sahihi, hakikisha mkataba unataja kimo cha juu kabisa hadi ncha ya bawa, idadi ya mitambo, mahali pa kila mmoja kwa vipimo vya ramani, na tarehe ya mwisho. Uandikwe wazi kwamba kubadilisha mtambo kunahitaji makubaliano mapya. Mwombe wakili wako akusomee, naye asiwe wakili aliyeletwa na kampuni.

Mitambo mitano ikiwa mmoja, sisi wanne tunaobaki tutalipwa nini?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mkutano, na ndilo linalovunja udugu. Wakati wa mitambo midogo kila shamba lilikuwa na mnara wake na kodi yake. Ukija mkubwa, unasimama kwa mmoja. Wanne wanabaki kuutazama, kuusikia, na kupisha barabara.

Ujerumani wamelitatua kwa njia ninayoiona ya busara. Wenye mashamba wote ndani ya eneo la mradi wanaingia mkataba wa pamoja, na kodi inagawanywa kulingana na ukubwa wa ardhi ya kila mtu ndani ya eneo, huku mwenye kubeba mnara akiongezewa kidogo. Hakuna anayepigania mnara uwe kwake, kwa hiyo mhandisi anaweza kuuweka mahali palipo mbali zaidi na nyumba. Jamii zetu zinajua kazi ya namna hii tangu zamani. Chama cha ushirika cha maziwa hakimlipi tu yule ambaye gari la kukusanya maziwa linasimama langoni pake.

Na nyumba zilizojengwa baada ya mtambo? Nani alimfuata mwenzake?

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kwa Kenya. Huko Bavaria kijiji kilipo leo ndipo kitakapokuwa miaka 20 ijayo, zaidi au pungufu kidogo. Kwetu shamba la ekari kumi likiwa na watoto wanne, muda si muda linakuwa ploti. Mimi mwenyewe nimekata ploti za futi hamsini kwa mia mahali ambapo miaka kumi iliyopita palikuwa ngano tupu. Mtambo uliojengwa mbali na watu unaweza kufika uzeeni ukiwa umezungukwa na paa za mabati.

Mwenye mtambo atasema: ninyi ndio mlionifuata. Mwenye nyumba atasema: mtambo mpya haukuwepo nilipojenga. Wote wawili wana ukweli.

Poland iliona jambo hili. Kanuni yao ya umbali inafunga pande zote mbili: mtambo usiisogelee nyumba, na nyumba mpya isiusogelee mtambo. Ni kanuni yenye uchungu, kwa sababu anayezuiwa kujenga ni mtu kwenye ardhi yake mwenyewe. Nikiambiwa niipitishe hapa bila fidia nitakataa. Lakini kaunti inaweza kufanya kilicho rahisi zaidi: mtambo ukiidhinishwa, duara lake lichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na anayegawa shamba ndani ya duara hilo aambiwe kabla ya bikoni kuwekwa, siyo baada ya nyumba kufika linta. Na mwekezaji alipe kwa kila shamba lililo ndani ya duara, hata lile lisilo na mnara, kwa kuwa linabeba kizuizi.

Kile kivuli kinachopepesa kitafika kwangu?

Jua likiwa chini nyuma ya mabawa yanayozunguka, kivuli hukatakata mwanga ndani ya nyumba. Huchosha macho na kichwa. Ujerumani hukubali kisizidi saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku kwa nyumba moja, na mtambo hufungwa kifaa cha kuusimamisha wenyewe kiasi hicho kikifika.

Ramani za kivuli za Ulaya zisikupotoshe. Sisi tuko kwenye ikweta. Jua letu huchomoza mashariki na kuzama magharibi mwaka mzima, likisogea kidogo tu kaskazini na kusini. Kwa hiyo nyumba zilizo magharibi mwa mtambo zitapata kivuli asubuhi, na zilizo mashariki zitakipata jioni. Zilizo kaskazini kabisa au kusini kabisa karibu hazitaguswa, labda ziwe chini ya mnara. Mtambo wa mita 200, dakika 45 baada ya jua kuchomoza, unatupa kivuli cha kilomita moja hivi. Ule wa mita 70 ungetupa mita 350. Kama jiko lako na mahali watoto wanaponywea chai vinatazama mashariki, na mnara uko upande huo, dai hesabu ya kivuli kwa jina la nyumba yako.

Ukisikia kampuni ikisema umbali ni sawa pande zote, waulize ikweta iko wapi.

Mtambo mkubwa si utakuwa na kelele kubwa zaidi?

Kwa kila mnara, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mkubwa huzunguka polepole, mara kumi au kumi na mbili kwa dakika, ambapo mdogo huzunguka mara 26 hivi. Ncha za mabawa hata hivyo hukimbia kwa kasi inayokaribiana, na kelele nyingi hutoka kwenye ncha. Mabawa mapya mengi yana meno kwenye ukingo wa nyuma, kwa mfano wa manyoya ya bundi, ili yakate hewa kimyakimya. Na giaboksi mpya hailii kama ile iliyochakaa.

Watu wa Kinangop walisema mitambo inaleta magonjwa. Ni kweli?

Mradi wa Kinangop wa megawati 60 hivi ulisimama mwaka 2016 baada ya mvutano mkali na wakazi. Hofu ya magonjwa ilikuwepo, lakini nilichokisikia zaidi kwa watu wa kule ni ardhi: nani aliulizwa, nani alilipwa, nani atahamishwa.

Kuhusu afya, utafiti haujathibitisha kwamba mtambo wenyewe husababisha ugonjwa. Kilicho wazi ni kero ya kelele, na mtu asiyelala vizuri huumia kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za mitambo ya upepo usizidi desibeli 45, kwa kipimo kinachohesabu usiku kwa uzito zaidi. Anayelalamika kwamba halali apimiwe kelele. Kumcheka ni kosa, na ndiko kulikozaa uvumi mwingi.

Na ndege?

Mitambo michache mikubwa iliyopangwa vizuri inaweza kuua ndege wachache kuliko mingi midogo. Altamont, iliyokuwa ikiua tai wengi, ndiyo inayotolewa mfano. Lakini mahali ndipo panapoamua. Hell's Gate tuna tumbusi wanaotaga kwenye majabali, na heroe huhama kati ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria, mara nyingi usiku. Mtambo wa mita 200 unafika kimo ambacho ule wa zamani haukukifika, kwa hiyo uchunguzi wa ndege wa mradi wa kwanza hauwezi kutumiwa tena kwa wa pili.

Mabawa makuukuu na ule msingi wa zege vitaenda wapi?

Chuma cha mnara na shaba vina soko, hilo lisikusumbue. Mabawa ndiyo tatizo. Yameundwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na kuyatenganisha ni kazi ngumu. Ujerumani na Uholanzi zimepiga marufuku kuyazika. Mengine husagwa na kuchomwa katika tanuri za saruji. Rotterdam waliyageuza kuwa uwanja wa kuchezea watoto, na bandari ya Aalborg, Denmark, ina kibanda cha baiskeli kilichojengwa kwa bawa.

Msingi ni jambo jingine. Mtambo mkubwa hauwezi kusimama juu ya msingi wa mdogo, kwa hiyo unachimbwa mpya, na wa zamani unabaki kama jabali ndani ya shamba lako. Jembe litaugonga. Mkataba useme utang'olewa hadi kina gani, nani analipa, na fedha hizo ziwekwe benki mapema kama dhamana, kwa sababu kampuni inaweza kufilisika kabla ya mtambo kuzeeka.

Nimesikia Ulaya wanauza mitambo iliyotumika. Kaunti yetu ikiinunua?

Soko la mitumba ya mitambo lipo kweli, na mtambo uliotunzwa vizuri unaweza kufanya kazi miaka mingine. Lakini atakayeuleta aonyeshe rekodi za matengenezo, ukaguzi wa mhandisi asiye na maslahi, na mahali vipuri vitakapotoka. Uzee wake nao uhesabiwe: mtambo wa miaka 18 ukifika Gilgil leo, swali la kuung'oa litafika kabla mtoto wako hajamaliza shule.

Hapa Nakuru tuna mfano wowote wa kubadilisha mitambo mikuukuu?

Wa upepo, hapana. Wa mvuke, ndiyo. Olkaria I, kule Naivasha, ilianza mwaka 1981 na kufikia 1985 ilikuwa na mashine tatu za megawati 15 kila moja. Mashine hizo zimezeeka na KenGen imeingia kazi ya kuzifanya upya ili eneo lilelile litoe zaidi ya zile megawati 45. Na Olkaria ndiyo iliyotufundisha kuhusu watu: mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi pawe na usuluhishi. Laiti yale yaliyozungumzwa kwenye usuluhishi yangezungumzwa kabla ya lori la kwanza kubeba vyombo vya watu.

Je, Kisumu na Magharibi?

Upepo wa ziwani huburudisha, lakini upepo mkubwa wa Kenya uko kaskazini, Ngong, na kingo za Bonde la Ufa. Kisumu mna Sondu Miriu, megawati 60 za maji. Swali la umbali litawafikia zaidi kupitia laini za stima kuliko kupitia mabawa.

Nikiona mradi wa kubadilisha mitambo unanikaribia, nianzie wapi?

Omba ripoti ya tathmini ya mazingira kwa NEMA na uitolee maoni kwa maandishi, ukiweka nakala yenye muhuri. Hudhuria kikao cha umma, na ukisema jambo hakikisha limeandikwa kwenye kumbukumbu. Leseni ikitolewa na huridhiki, unaweza kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Usingoje ya sitini. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba umepata hasara.

Huo umbali unapimwa kutoka wapi hadi wapi?

Mama mmoja wa Gilgil aliniuliza hili akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na sijapata swali bora kuliko hilo. Mwenye mtambo akipima kutoka katikati ya mnara, amekuondolea urefu wa bawa, mita 75 kwa mtambo wenye kipenyo cha mita 150. Akipima hadi bikoni ya shamba, anapata namba moja. Hadi ukuta wa nyumba, nyingine. Akihesabu nyumba kuu peke yake, ameiacha nyumba ya kijana wako aliyejenga pale chini karibu na zizi, na ile ya mama mkwe.

Ningetaka iandikwe hivi: umbali wa mlalo, kuanzia ncha ya bawa likiwa limenyooka kuelekea kwako, hadi ukuta wa karibu wa kila nyumba anamolala mtu, zikiwemo zilizo na msingi tayari siku ya kupima. Kila nyumba ipewe namba na vipimo vyake vya ramani, na orodha hiyo iambatishwe kwenye mkataba na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Yule mama tulimpimia nyumba nne. Ya nne ilikuwa mawe matano na kamba tu, ya binti yake aliyekuwa bado chuoni Njoro, nasi tukaiandika.